Kompyuta Mpya, Ilula

Laptopu yangu ilifika Ilula, wilayani Kilolo, kwa basi la Dar es Salaam. Nikaweka Linux jioni ile ile. Kioo kikawaka, kibodi ikaitika, ila waifai haikuonekana kabisa. Kadi yake ilikuwa changa kuliko kiini cha Linux nilichokuja nacho kwenye flashi. Draiva ilikuwa mtandaoni, na kuufikia mtandao kulihitaji draiva. Kesho yake msimamizi wangu alitarajia sura ya pili ya tasnifu.

Sura yenyewe inahusu mwaka 1974, serikali ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuweka hesabu za Hazina kwenye mashine kwenda mrama. Nilikuwa nimeiandika kwa kejeli kidogo, kama vijana tunavyowaandika wazee. Usiku ule niliifuta ile kejeli.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi kubwa ile, naiheshimu. Lakini draiva haitafsiriwi. Huandikwa na anayejua undani wa chipu, na chipu zenyewe hatuzitengenezi.

Saa sita usiku mama aliniazima simu yake. Nikaiunga kwa waya wa USB, kompyuta ikashusha kiini kipya, nikaiwasha upya. Majina ya waifai yakajitokeza: mawili tu, yote ya majirani. Bando la mama la wiki nzima lilikuwa limekwisha.