Zahanati na Kilomita Zake: Miaka Mia ya Tiba Vijijini Tanzania

Zahanati, kwa maana inayotumika katika mfumo wa afya wa Tanzania, ni kituo cha tiba cha ngazi ya chini kabisa, ambacho kwa kawaida hakilazi wagonjwa na kimekusudiwa kuhudumia kijiji kimoja au vichache vinavyopakana. Juu yake kipo kituo cha afya, chenye vitanda na chumba cha kujifungulia, kisha hospitali ya wilaya, ya mkoa, na juu kabisa hospitali za rufaa, ambazo hupokea wale walioshindikana huko chini. Ngazi hizo zimezoeleka kiasi kwamba huonekana kama zilikuwapo tangu zamani, ilhali ni zao la mabishano ya karne nzima juu ya swali moja, yaani mgonjwa wa shamba atembee umbali gani kabla ya kupata dawa. Swali hilo limekuwa likijibiwa kwa kilomita, kwa sababu kilomita ni rahisi kuhesabu, na kwa sababu hiyohiyo limeacha nje mambo mengi ambayo mgonjwa huyakuta baada ya kufika.

Tiba ya kisasa iliingia Tanganyika kupitia mjini, tena kwa kufuata rangi. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani mjini Dar es Salaam mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu, wakati Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyobeba jina la Sewa Haji, mfanyabiashara tajiri wa Bagamoyo aliyetoa fedha za kuijenga. Vijijini kazi hiyo iliachiwa wamisionari kwa sehemu kubwa. Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi, karibu na Masasi, ndiye mfano unaotajwa mara nyingi zaidi, pengine kwa sababu maisha yake yaliziunganisha zama mbili: miaka arobaini baadaye daktari huyo wa misheni aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania huru, wadhifa alioushika kuanzia 1975 hadi 1980.

Serikali ya Waingereza ilianza kuvitazama vijiji katika miaka ya 1920, chini ya John Shircore, mkuu wa idara ya tiba, aliyeanzisha utaratibu wa dresa, yaani vijana wa kienyeji waliofundishwa kwa muda mfupi kusafisha vidonda, kufunga bendeji na kutoa dawa chache zisizo na hatari, kisha wakarudishwa kwao kufanya kazi chini ya machifu na hazina za serikali za wenyeji. Miaka hiyohiyo sindano za kutibu buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa uliowatesa watu wengi wa mashambani, zilionyesha matokeo ya haraka kiasi kwamba watu walimiminika kuzifuata, na si ajabu kwamba heshima ya sindano mbele ya kidonge haijafutika katika vijiji vingi hadi leo. Hata hivyo utaratibu wa dresa ulikuwa na kasoro iliyojengwa ndani yake. Kwa kuwa zahanati zilitegemea kodi za wenyeji wenyewe, nchi za kahawa kama Kilimanjaro na Bukoba ziliweza kumudu kile ambacho maeneo makame ya kati yasingeweza, hivyo kipato cha mkulima kikaamua ukubwa wa kabati la dawa la jirani yake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na vituo vya afya 22 tu, na madaktari Watanganyika walikuwa 12. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, lakini ilieleweka wazi kwamba kusubiri madaktari wapatikane ni sawa na kuviambia vijiji visubiri kizazi kizima. Katika hali hiyo ndipo ilipochapishwa, mwaka 1964, ripoti ya Richard Titmuss, mwanazuoni wa sera za jamii kutoka Uingereza, aliyeongoza jopo dogo la wataalamu kuchunguza huduma za afya za Tanganyika. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba fedha mpya zisiishie kwenye hospitali, bali zijenge vituo vya afya vitakavyochanganya tiba na kinga, huku kinga ikimaanisha chanjo, kliniki za wajawazito, maji safi na elimu ya lishe, na kwamba vituo hivyo viendeshwe na watumishi wa ngazi ya kati badala ya kungoja madaktari.

Serikali iliipokea ripoti hiyo kwa maneno mazuri, na kwa miaka kadhaa hospitali ziliendelea kumeza sehemu kubwa ya bajeti. Hakukuwa na hila yoyote katika jambo hilo. Hospitali ikishajengwa hudai mishahara, dawa, mafuta na matengenezo kila mwaka, na hakuna waziri anayeweza kuifunga ili kutimiza mpango ulioandikwa kwenye karatasi. Hata mwaka 1971, wakati viongozi wa TANU, chama tawala, walipokuwa wakijiandaa kuelekeza nguvu vijijini, hospitali mbili kubwa zilizojengwa kwa juhudi za makanisa zilifunguliwa, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Oscar Gish, mchumi aliyefanya kazi ya kupanga mipango ndani ya Wizara ya Afya katika miaka hiyo na kuandika kitabu juu yake mwaka 1975, alisisitiza kwamba usawa katika afya ni suala la mgawanyo wa bajeti kabla ya kuwa suala la udaktari, na kwamba anayetaka kujua nia ya serikali asome makadirio ya matumizi, si hotuba.

Mabadiliko ya kweli yalikuja baada ya 1972. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeweka msingi wa kisiasa, lakini ni mpango wa miaka ya sabini uliotaja hesabu: kituo cha afya kimoja kwa watu wapatao 50,000, na zahanati moja kwa watu wasiozidi 10,000. Ili hesabu hiyo itimie, vilianzishwa vyuo vya kufundisha waganga wasaidizi wa vijijini, vijana waliomaliza shule ya msingi na kupewa mafunzo ya miaka michache ya kutambua na kutibu magonjwa ya kawaida, pamoja na waganga waliosimamia vituo vya afya na madaktari wasaidizi, kada iliyoanza mapema katika miaka ya sitini na ambayo baadaye ilibeba upasuaji mwingi wa dharura katika hospitali za wilaya. Ikumbukwe kwamba katika lugha ya kitabibu ya Tanzania neno mganga lilikuwa cheo cha serikalini, si la mtu wa mizizi na hirizi pekee, ingawa mwanakijiji alijua vizuri tofauti yao na mara nyingi aliwaendea wote wawili. Wilaya zisizo na hospitali ya serikali zilipewa hospitali teule, maana yake hospitali ya misheni inayosaidiwa na serikali na kupewa majukumu ya hospitali ya wilaya, na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara, marufuku iliyodumu hadi 1991.

Sambamba na majengo, redio ilifanya kazi ambayo haikuhitaji tofali hata moja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliendeshwa kwa wiki 12, ambapo watu wapatao milioni mbili, wakiwa katika vikundi vya kijijini vyenye kiongozi aliyefunzwa, walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, wakajadili malaria, kichocho au kuhara, kisha wakaamua la kufanya papo hapo: kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Miongoni mwa mambo yote yaliyofanywa katika muongo huo, huenda hili ndilo lililoelewa zaidi kwamba mwanakijiji si mpokeaji wa huduma tu. Lilifuatwa mwaka 1975 na kampeni ya Chakula ni Uhai.

Operesheni Vijiji, iliyowahamisha mamilioni ya watu kuingia katika vijiji vya pamoja kati ya 1973 na 1976, mara nyingi kwa shuruti, ilitetewa kwa hoja ya huduma: shule, bomba na zahanati haviwezi kufuata kaya moja moja porini. Kwa kipimo cha kilomita hoja hiyo ilitimia kwa namna ya kuvutia. Kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vilikuwa 239 na zahanati zilikuwa zimefika takriban 2,600, na zaidi ya asilimia 70 ya wananchi waliishi ndani ya kilomita tano kutoka kituo cha tiba. Wajumbe waliokutana Alma-Ata mwaka 1978 kutangaza huduma ya afya ya msingi, yaani tiba na kinga za lazima zinazomfikia kila mtu kwa gharama anayoweza kuimudu, waliiona Tanzania kuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa tayari njiani.

Kisha rafu zikabaki tupu. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni vilizifanya kilomita tano zipoteze maana, kwa kuwa mama aliyezitembea akiwa na mtoto mwenye homa alikuta jengo, mganga na daftari, bila klorokwini. Kuanzia miaka ya 1983 na 1984, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF, masanduku ya dawa muhimu yaliyofungwa kwa lakiri yalianza kupelekwa moja kwa moja kwenye zahanati na vituo vya afya. Yaliokoa maisha ya watu wengi, lakini yalikuwa yaleyale kwa kila zahanati, iwe ya nyanda za juu zisizo na malaria nyingi au ya bonde lenye mbu mwaka mzima, hivyo dawa moja iliharibika huku na nyingine ikaisha kule kabla ya mwezi kwisha. Bohari ya Dawa, taasisi ya serikali ya kununua na kusambaza dawa, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na hatua kwa hatua sanduku la aina moja likaachia nafasi kwa maombi yanayoandikwa na kituo chenyewe.

Mwaka huohuo ulileta uchangiaji, utaratibu wa mgonjwa kulipa sehemu ya gharama, ulioanza katika hospitali kubwa na kushuka ngazi kwa ngazi. Watoto chini ya miaka mitano na wajawazito walisamehewa, na masikini nao walipaswa kusamehewa, lakini ilibidi kwanza mtu athibitishe umasikini wake mbele ya viongozi wa kijiji, na wengi waliona ni heri kuuza kuku kuliko kufanya hivyo. Ili kupunguza makali, Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa wilayani Igunga mwaka 1996, ambapo kaya ililipa mchango mmoja kwa mwaka na kutibiwa kwa kadi, na serikali ikaongeza kiasi kilekile kwa utaratibu uliopewa jina la tele kwa tele. Mfuko ulienea wilaya nyingi lakini wanachama wakabaki wachache, kwani kadi ya zahanati isiyo na dawa ni karatasi tu.

Funzo lenye uzito zaidi lilitoka mahali pasipotarajiwa, katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, ambako kuanzia 1997 Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada la IDRC ziliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi cha TEHIP. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kuandika vifo na chanzo chake, vikiwemo vile vilivyotokea nyumbani na ambavyo hospitali isingevijua kamwe, na takwimu hizo zikawekwa mbele ya timu ya uendeshaji wa afya ya wilaya kwa michoro rahisi. Morogoro iligundulika kwamba malaria ilisababisha karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, wakati ilipewa takriban asilimia 5 tu ya bajeti. Wilaya zilipewa nyongeza ndogo, karibu dola moja ya Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka, pamoja na mamlaka ya kuamua zitumikeje. Zikaelekeza fedha kwenye vyandarua na kwenye udhibiti wa magonjwa ya watoto kwa uwiano, ambao humfundisha tabibu kumchunguza mtoto mzima badala ya dalili moja. Katika muda wa takriban miaka mitano vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40, bila hospitali mpya kujengwa.

Ni vigumu kusoma historia hiyo bila kuhisi kwamba funzo lilisikika nusu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017, maarufu kwa kifupi cha MMAM, ulirejea kwenye majengo kwa kauli ya zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na maboma mengi yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi yalikaa miaka bila paa au bila mhudumu wa kupangiwa. Ile nusu nyingine ilirudi mwaka wa fedha 2017/18, serikali ilipoanza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya badala ya kuzipitisha halmashauri, ili tabibu mfawidhi na kamati ya wanakijiji waamue wenyewe kama watanunua glavu au watatengeneza tangi la maji.

Umbali wenyewe nao umeanza kupimwa upya. Mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na wazazi, uliojaribiwa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2013 na kusambazwa nchi nzima tangu 2022, humwezesha mhudumu kupiga simu bila malipo kwenye namba 115, na pasipo na gari la wagonjwa huitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo, aliyesajiliwa na kufunzwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mzazi hospitalini. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Mwishoni mwa 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima na kuanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Mfuko huo unahitaji orodha ya majina, na katika kijiji ambacho karibu kila kaya inalima ekari mbili au tatu, swali la nani hana uwezo limerudi mezani kwa mwenyekiti wa kijiji, pale lilipoachwa mwaka 1993.