Stima Tunayoilipia Mara Mbili: Historia Fupi ya Kisii na Nyamira

Leo naweka kando mambo ya programu kidogo, tuzungumze kuhusu stima, maana bila hiyo kompyuta ni sanduku tu.

Mwaka 2006 niliandikia duka moja la vifaa vya ujenzi programu ya kuhesabu mali. Duka lilikuwa Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira. Programu ilifanya kazi wiki tatu bila shida. Alasiri moja radi ikapiga, stima ikapotea wakati programu inaandika faili. Iliporudi, faili lilikuwa nusu, na hesabu ya wiki tatu imekwenda. Mzee mwenye duka hakunigombeza. Alivuta droo, akatoa daftari lake la zamani, akasema, "Kijana, hili halihitaji stima."

Kwa nini huku kwetu stima hupotea hivyo? Jibu la kwanza ni hali ya hewa. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda milima ya Gusii na kuleta dhoruba za alasiri, na eneo hili ni kati ya yale yanayopigwa sana na radi nchini Kenya.

Jibu la pili ni historia. Mto Gucha huanzia nyanda za juu za Nyamira, na huko chini huitwa Kuja. Katika miaka ya 1950 maporomoko yake ya Gogo, katika Migori ya leo, yalianza kuzalisha umeme kwa ajili ya mgodi wa Macalder. Maji yetu yaliendesha mitambo ya mgodi wakati watoto wa vijijini Gusii walisomea koroboi. Mpango wa serikali wa umeme vijijini ulianza mwaka 1973. Baada ya Sheria ya Kawi ya 2006, mkazo ukawekwa kwenye shule za sekondari, vituo vya afya na masoko. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Last Mile, ambao ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma.

Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini waya wa kijijini ni kama mtandao wa kompyuta usio na njia ya pili: mti ukiangukia nguzo moja, wote walio mbele yake wako gizani. Ongeza matatizo ya nchi nzima. Mwaka 2000 ukame ulipunguza maji ya mabwawa, umeme ukagawanywa kwa zamu. Mwezi Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na Kenya nzima ikazimika.

Sasa tuhesabu hasara. Chukua mfano wa kinyozi anayenyoa kwa shilingi 100. Akikosa wateja watano alasiri moja, ni 500 zimepotea, na kodi ya chumba iko palepale. Akinunua jenereta ndogo, atalipa bili ya stima na petroli pia. Nyumbani ni hivyohivyo: taa ya sola kando ya balbu, na kifaa cha kulinda televisheni stima inaporudi kwa kishindo.

Kwenye chai hasara imejificha zaidi. Majani mabichi hunyaushwa kwa feni kwa saa nyingi, na feni zikisimama hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo kiwanda huwasha jenereta ya dizeli. Dizeli ni gharama ya kiwanda, na gharama hukatwa kabla ya mkulima kupata bonasi. Mkulima wa Nyansiongo asiye na hata balbu moja nyumbani huilipia stima iliyopotea.

Na ile programu? Kosa la faili lilikuwa langu. Niliiandika upya: data huandikwa kwanza kwenye faili jipya, likikamilika ndipo huchukua nafasi ya lile la zamani. Stima ikikatika katikati, la zamani bado lipo zima. Mzee alikubali kuitumia tena, lakini daftari halikurudi kwenye droo. Kila mauzo aliyaandika mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye karatasi. Muda huo aliopoteza kila siku haukuwahi kuonekana kwenye bili yoyote.