Nasaba ya Plagini

Kijana anayeingia leo katika kazi ya kutengeneza muziki, awe Kinondoni, Kisauni au Lubumbashi, hulazimika kuchagua kabla hajajua anachochagua. Anafungua programu ya kurekodi katika kompyuta yake, anataka kutuliza sauti ya mwimbaji inayopanda na kushuka, naye huletewa makumi ya plagini, yaani programu ndogo za kuongezwa ndani ya ile kubwa, za kazi hiyo hiyo moja, nyingine za bure, nyingine za kununuliwa, nyingine za kulipiwa kila mwezi, kila moja ikiwa na sura yake ya kuvutia, vifundo vyake vya kuchorwa na mishale yake ya kuchezacheza. Aghalabu huchagua kwa macho, au kwa kufuata jina la prodyuza mashuhuri aliyesema kwamba anaitumia. Ninalotaka kulibainisha hapa ni kwamba wingi huu, unaotisha kwa kuutazama juu juu, una nasaba fupi inayojulikana: sehemu kubwa ya plagini hizi ni watoto na wajukuu wa mashine chache zilizoundwa baina ya 1950 na 1980, kila mashine kwa haja yake maalumu, na mwenye kuijua haja ile hana sababu ya kubabaika sokoni.

Hapo kale fundi wa sauti hakuwa na cha kuchagua. Mwaka 1928, mwimbaji Siti binti Saad alipovuka bahari pamoja na wapiga ala wake kutoka Unguja hadi Bombay, kwenda kurekodi nyimbo zake kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, sauti ilichongwa papo hapo, na iliyokwisha kuchongwa haikuwa na la kuongezwa wala la kupunguzwa. Katika kurekodi kwa namna ile, mizani baina ya mwimbaji na ala ilipatikana kwa umbali tu: aliyezidi alirudishwa nyuma, aliyefifia alisogezwa mbele. Hata miongo kadhaa baadaye, ilhali kanda za sumaku zilikwisha kuenea duniani, bendi za Dar es Salaam zilizoingia katika studio ya Redio Tanzania zilipiga wimbo mzima kwa pamoja kwa kawaida, na ustadi wa fundi ulikuwa katika kujua maikrofoni ikae wapi. Mwenye kuzisikiliza rekodi zile leo hukuta magitaa yanayosikika wazi, kila moja mahali pake, na hakuna hata plagini moja iliyohusika.

Vyombo vyenyewe vilizaliwa kwa dhiki, na kimoja kati ya vikongwe ni mwangwi. Wenye studio kubwa za Ulaya na Marekani, zikiwamo zile za Abbey Road mjini London zilizofunguliwa mwaka 1931, walitenga vyumba vitupu vyenye kuta ngumu, wakaweka spika upande mmoja na maikrofoni upande wa pili, sauti kavu ikapelekwa humo na kurudi ikiwa imevikwa mwangwi. Asiye na chumba alitafuta hila: mwaka 1947, mjini Chicago, fundi Bill Putnam alikigeuza choo cha studio kuwa chumba cha mwangwi, akakirekodi kikundi cha The Harmonicats kikipiga "Peg o' My Heart", na santuri ile ikapendwa Marekani nzima. Miaka 10 baadaye, mwaka 1957, kampuni ya Kijerumani iitwayo EMT ilileta, badala ya chumba, sanduku refu lenye bamba jembamba la chuma, urefu wake mita 2 na kimo chake mita 1 hivi, limening'inizwa kwa springi ndani ya fremu. Sauti ililitikisa bamba, na vinasio vilivyobandikwa juu yake vikaurudisha mtikisiko ule kuwa mwangwi. Sanduku hilo, EMT 140, lilikuwa na uzito unaokaribia kilo 270, na bado watu waliliona jepesi, madhali hapo kabla walilazimika kujenga nyumba ya mwangwi kwa matofali. Kisha mwaka 1976 kampuni ile ile ikatoa EMT 250, na mwaka 1978 Lexicon wa Marekani wakatoa mashine yao ya 224, na kuanzia hapo mwangwi ukawa hesabu zinazofanywa na vipande vya elektroniki, hakuna ukuta wala chuma. Matawi makuu ya mwangwi katika plagini zetu yanatoka humo humo: la chumba, la bamba na la hesabu. Anayetaka kuijaza sauti ya mwimbaji bila ya kumweka mbali na msikilizaji na alijaribu kwanza bamba. Anayetaka kuonyesha mahali ambapo mwimbaji amesimama na achukue chumba.

Ikwalaiza, chombo cha kuongeza au kupunguza sauti za chini na za juu, haitanichelewesha. Miongoni mwa zinazonakiliwa zaidi hata leo ni Pultec EQP-1, iliyotolewa mwaka 1951 na mabwana wawili wa New Jersey, Eugene Shenk na Ollie Summerlin. Ina kifundo cha kuongeza sauti za chini na kingine cha kuzipunguza, na ajabu yake ni kwamba ukivizungusha vyote viwili kwa pamoja havifutani. Besi hunenepa pale chini kabisa, na sehemu ya juu yake kidogo, ile inayoufanya muziki usikike kama umefunikwa, husafishwa. Mafundi waliligundua jambo hilo kwa kutumia masikio, na ndiyo sababu hata mchoro wa plagini umevihifadhi vifundo vyote viwili.

Kompresa ndiyo yenye tafsili zaidi, na ndiyo inayowachanganya wanafunzi kuliko chombo kingine chochote. Chanzo chake hakikuwa uzuri wa muziki: kilikuwa usalama wa mitambo. Sauti ikizidi, mtambo wa kurushia matangazo hulemewa, na sindano ya kuchonga santuri huweza kuingilia mfereji wa jirani. Ilihitajika mashine ya kuibana sauti kwa haraka kuliko mkono wa fundi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mhandisi Rein Narma, mzaliwa wa Estonia, aliiunda Fairchild 670, yenye vali 20 na uzito wa karibu kilo 30, kwa ajili ya kazi hiyo hiyo ya santuri. Miaka michache baadaye, huko California, Jim Lawrence wa Teletronix akatoa LA-2A, na hii inastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani yake sauti yenyewe huwasha kibamba kidogo chenye kutoa nuru, na mbele ya nuru ile kuna kipande chenye kuhisi mwanga. Sauti inapopanda nuru huongezeka, na kipande kile huamuru sauti ipungue. Inaposhuka, kipande hakirejei mara moja katika hali yake. Huchelewa, kama jicho lililotoka juani likaingia chumbani, na kuchelewa huko ndiko kunakoufanya mbano wa LA-2A uwe wa upole kiasi kwamba msikilizaji hautambui. Kwa nje mashine ina vifundo viwili tu vya kazi, kimoja cha kiasi cha kubana, kingine cha kuirudishia sauti nguvu yake. Mwaka 1967 yule yule Putnam wa Chicago, ambaye sasa alikuwa mwenye kiwanda California, alitoa 1176, inayotumia transista, nayo huidaka sauti katika muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mimi ningempa LA-2A mwimbaji wa taarabu au wa kwaya anayevuta pumzi ndefu, na 1176 ningeiwekea ngoma, au kijana wa hip hop anayetema maneno kwa kasi. Aliyekwisha kuzielewa hizo mbili amezielewa plagini nyingi mno, kwa kuwa nyingi ni moja ya hizo kwa jina jingine na rangi nyingine.

Fauka ya ughali wake, mashine ilikuwa na mpaka ambao vijana wetu hawajapata kuujua: ilifanya kazi moja kwa wakati mmoja. Studio yenye kompresa 2 ilikuwa na kompresa 2, na fundi aliyetaka kubana sauti ya tatu hakuwa na budi kuirekodi ile ya kwanza katika kanda ikiwa imekwisha kubanwa, bila ya njia ya kurudi nyuma. Uamuzi ulikuja mapema, na aliyeamua aliishi nao.

Mpaka huo ulivunjwa katika miaka ya 1990. Mwaka 1992 kampuni ya Waves ya Tel Aviv, iliyoasisiwa mwaka huo huo, ilitoa Q10, ikwalaiza ya kompyuta inayohesabiwa kuwa plagini ya kwanza kuuzwa madukani, na mwaka 1994 ikaifuatishia L1, ya kuzuia sauti isivuke kiwango. Lakini ufunguo wenyewe ulitoka Hamburg. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ilitoa Cubase VST, iliyoiwezesha kompyuta ya kawaida kufanya kazi ya vyombo hivi bila ya kadi maalumu za ghali, kisha ikafanya jambo ambalo nadhani ndilo lililobadilisha kila kitu: ilizitoa bure kanuni za kiufundi za VST, ili yeyote mwenye kujua kuandika programu aunde plagini yake na ikubaliwe. Mwaka 1999 mlango ukapanuliwa zaidi, vinanda vyenyewe vikaingia kwa njia ile ile. Wingi tunaoulalamikia ni matunda ya ukarimu huo, nami siwezi kuulaani, kwa kuwa ndio uliompa mtoto wa fundi seremala studio ambayo zamani hakuipata ila tajiri.

Mwaka 1999 huo huo watoto wa Putnam waliihuisha kampuni ya baba yao, Universal Audio, wakaziunda upya mashine zake na baadaye wakazifanya plagini. Nasaba hapa si tashbihi. Ni baba na wanawe.

Iko plagini iliyo nje ya nasaba hii: Auto-Tune haikuzaliwa na mashine yoyote ya studio. Andy Hildebrand alikuwa mtaalamu wa mawimbi ya ardhini, aliyetumia hesabu kutafuta mafuta chini ya miamba, na hesabu za jamii hiyo ndizo alizozitumia mwaka 1997 kusahihisha sauti iliyopotoka. Mwaka mmoja baadaye mwimbaji Cher akaitumia kwa makusudi ya kusikika, katika "Believe", na ulimwengu ukaizoea. Bongo Flava, iliyokuwa ikijengwa miaka ile katika studio kama Bongo Records ya P-Funk Majani na MJ Records ya Master Jay, nayo haikusalimika. Wakati huo huo FruityLoops ya Didier Dambrin wa Ubelgiji, iliyobadilishwa jina mwaka 2003 ikawa FL Studio, iliingia vyumbani mwa vijana wetu, mara nyingi kwa nakala zilizovunjwa kufuli, na pamoja nayo ikaja ada ya kupeana diski zilizojaa mamia ya plagini ambazo hakuna aliyezinunua wala aliyezisoma. Ada hiyo ndiyo iliyotuharibu, kwa maana mtu akipata vyote kwa siku moja hapati muda wa kukisikiliza hata kimoja.

Nawe msomaji unayeanza kazi hii, nakusihi ujaribu hivi: katika programu uliyo nayo sasa, chagua ikwalaiza moja, kompresa moja na mwangwi mmoja, ambavyo huenda vimekuja pamoja na programu yenyewe bila ya malipo, uliza kila kimoja kimenakili mashine gani, na mashine ile iliundwa kwa haja gani, kisha tengeneza nyimbo zako za mwaka mzima kwa hivyo vitatu, na usinunue cha nne mpaka uweze kusema kwa maneno yako mwenyewe ni jambo gani hivyo vitatu vimeshindwa kulifanya.