Uchovu Baada ya Kujifungua: Mambo ya Kufahamu kwa Mzazi na Familia

Kipindi cha uzazi ni siku 42 zinazofuata kujifungua, ambapo mji wa mimba hurejea taratibu katika ukubwa wake na majeraha ya njia ya uzazi hupona. Uchovu katika siku hizo ni wa kawaida, kwani mwili umepoteza damu, usingizi hukatizwa na unyonyeshaji huhitaji chakula na maji ya ziada.

Hata hivyo, uchovu unaozidi siku hadi siku una chanzo chake, na cha kwanza kuchunguzwa ni upungufu wa damu, hususan mkoani Mara ambako malaria ingalipo. Mzazi anayehema baada ya hatua chache, mwenye viganja vyeupe na kizunguzungu, asiambiwe avumilie, apimwe damu.

Kwa wakazi wa Turwa na maeneo mengine ya Tarime na Serengeti lipo suala la ukeketaji, ambalo hutajwa kwa nadra linapozungumziwa afya ya mzazi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi sita za Afrika, ulibainisha kuwa waliokeketwa hukabiliwa zaidi na utokaji wa damu nyingi, upasuaji na kulazwa muda mrefu baada ya kujifungua. Mjamzito mwenye kovu hilo amweleze mkunga mapema, bila hofu wala aibu. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998.

Mila nyingi humpumzisha mzazi. Pwani hukaa arobaini; Kilimanjaro hupewa mtori; Mara uji wa ulezi unafahamika. Nchini Korea Kusini, tiba ya jadi huamini kuwa uzazi hupunguza nguvu na damu na kuruhusu baridi kuingia viungoni. Hivyo mzazi hutunzwa kwa siku 21, hufunikwa apate joto na kunyweshwa supu ya mwani. Pumziko na lishe vina manufaa. Kukandwa kwa maji ya moto mno huunguza, na kulala kitandani siku nzima huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mkulima hana likizo hiyo. Kwake, pumziko hutegemea mume na mama mkwe kuchukua ndoo, kuni na jembe.

Mzazi awahishwe kituo cha afya mara moja akitokwa na damu nyingi, homa, uchafu wenye harufu, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, degedege, au huzuni inayomfanya ashindwe kumhudumia mtoto.