Sinema «Lumumba»: historia yetu, ilichukuliwa mbali na kwetu

«Lumumba» ni sinema ya mwaka 2000 ya Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyeishi Léopoldville (Kinshasa ya leo) akiwa mtoto. Eriq Ebouaney ndiye anacheza Patrice Lumumba, waziri mukuu wa kwanza wa inchi yetu: shujaa kwa wengi, lakini Wabeleji na Wamarekani walimuogopa kama mukomunisti.

Ju ya vita huku kwetu, picha zilichukuliwa Zimbabwe na Msumbiji. Inauma kidogo, lakini ndivyo ilikuwa.

Mwanzoni Wabeleji wawili wanaharibu maiti usiku. Watoto wasiangalie. Hayo hayakubuniwa: Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17/1/1961, na polisi mumoja Mubeleji akabakia na jino lake. Familia ilirudishiwa jino hilo mwaka 2022, kule Bruxelles.