Ruhusa na Kizuizi katika Neno Moja

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wanafunzi wetu wa tafsiri, neno "let" ni dogo kwa herufi lakini si dogo kwa mambo. Tunafundisha kwamba maana yake ni kuruhusu. Hata hivyo, afunguaye pasipoti ya Uingereza, na za baadhi ya nchi zilizotawaliwa nayo, hukuta ombi kwamba mwenye hati apite "without let or hindrance". Mwanafunzi atafasiri kuwa msafiri apite "bila ruhusa wala kizuizi", maneno ambayo afisa wa mpakani angeyastaajabia.

Sababu yake ni ya kihistoria. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormandi hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, palikuwa na vitenzi viwili mbalimbali. "Lætan" kilikuwa na maana ya kuacha na kuruhusu. "Lettan" kilikuwa na maana ya kuzuia, nacho kina udugu na neno "late" la leo: amzuiaye mwenzake humchelewesha. Karne zilivyopita matamshi yalisogeleana, hata vitenzi hivyo vikawa na sura moja, kila kimoja kikishika maana yake. Shakespeare alilitumia neno hili kwa maana ya kuzuia katika Hamlet, pale Hamlet anapowatishia wenzake wanaomshika asiufuate mzuka wa baba yake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 nayo yalitumia vivyo hivyo katika Warumi 1:13, Mtume Paulo anapoeleza kwamba alikusudia kwenda Rumi asiweze. Biblia ya Kiswahili haina utata hapo. Husema alizuiliwa, basi.

Ni shida neno moja kusema ndiyo na hapana kwa sauti ile ile. Maana ya kuzuia ndiyo iliyoshindwa, ikabaki katika lugha ya hati na katika tenisi, ambamo mpira wa kuanzishia ukigusa wavu kisha ukaangukia mahali pake, hurudiwa.

Lakini tusiwacheke Waingereza. Kitenzi chetu "acha" nacho kina mambo. "Mwache aende" ni ruhusa, "Acha!" kwa mtoto achezeaye moto ni katazo. Tofauti ni kwamba chetu ni kitenzi kimoja chenye maana ya kuondoa mkono: ama mkono wako juu ya mtu, ama mkono wa mtu juu ya jambo.

Kwa hiyo mwalimu asimpe mwanafunzi "ruhusu" kuwa jawabu la kila "let". "Let us go" ikisemwa na rafiki kwa rafiki ni "twende", wala haihitaji kitenzi kingine. Maneno yale yale yakisemwa na mateka kwa waliowafunga, ni "tuacheni twende".