Neno Moja Katika Katiba

Fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma habari za neno moja lenye herufi sita: jinsia. Mwandikeni polepole: ji-nsi-a. Katika Katiba yetu neno hili liliingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya ubaguzi uliokatazwa. Kabla ya hapo orodha ile ilitaja kabila, rangi, dini na mengineyo, lakini kuwa mwanamume au mwanamke haikutaja.

Katiba ni sheria iliyo juu ya sheria zote za nchi. Imegawanywa katika mafungu, na kila fungu huitwa ibara. Kubadili Katiba si kazi nyepesi. Ibara ya 98 yataka theluthi mbili ya wabunge wote wakubali. Kama wabunge wote wangekuwa 300, ingepasa 200 waseme ndiyo.

Tulipopata uhuru mwaka 1961 Katiba yetu haikuwa na orodha ya haki za raia. Wala ile ya Jamhuri ya 1962 haikuwa nayo, wala ya muda ya 1965, wala hii ya 1977 ilipoanza. Viongozi wa wakati ule walikuwa na sababu zao. Waliona nchi changa isifungwe mikono na mahakama. Mwaka 1983 nchi nzima ilijadili mabadiliko ya Katiba, na watu wengi wakataka haki zao ziandikwe. Bunge likaziandika mwaka 1984. Lakini Serikali ilipewa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake za zamani, na raia hakuweza kwenda mahakamani kuzidai haki hizo mpaka Machi 1988.

Sasa sikilizeni vizuri. Kati ya sheria za zamani ilikuwako moja inayowahusu sana watu wa Shinyanga. Ni Tamko la Sheria za Mila, Tangazo la Serikali Namba 436 la 1963. Kabla ya uhuru Bwana Hans Cory, mtumishi wa Serikali ya Kiingereza, alikusanya mila za Wasukuma, akachapisha kitabu mwaka 1953. Baada ya uhuru mila za makabila mengi ziliunganishwa zikawa sheria moja. Ilikuwa mwaka uleule ambao Serikali ilikomesha madaraka ya watemi. Mimi naona jambo hili ni la ajabu kidogo: mtemi aliondoka, na mila ikabaki katika karatasi. Mila iliyo kinywani mwa wazee yaweza kupindwa kidogo, wakimwonea mtu huruma. Ikisha kupigwa chapa ni ngumu kuipinda.

Tamko lile lasemaje? Chukueni mfano wa mtu wa Didia aliyefariki, akaacha nyumba ya mabati, ng'ombe kumi na wawili na shamba la mpunga. Mwana wa kiume wa kwanza yuko daraja la kwanza la warithi. Wana wengine wa kiume wako daraja la pili. Mabinti ni daraja la tatu, na fungu lao ni dogo kuliko yote. Na mjane, aliyepalilia mpunga ule? Ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, mjane hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza.

Watu walianza kulipima Tamko hili kwa Katiba. Mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri lililotoka Muleba. Mwanamke wa Kihaya aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo wao. Jamaa yake akamshtaki kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza shamba la ukoo. Jaji alisema mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanamume, kwa kuwa Katiba yakataza ubaguzi. Aliamua hivyo miaka kumi kabla ya neno jinsia kuingizwa katika orodha.

Tusikimbilie kufurahi. Wajane wawili wa Kisukuma wa mkoa wetu wa Shinyanga walifiwa na waume zao. Ndugu wa waume walishika mali, na wajane wakatolewa nyumbani pamoja na watoto wao. Walikwenda Mahakama Kuu, wakasema Tamko la 1963 halipatani na Katiba. Wakati huo neno jinsia lilikwisha kuwamo. Mwaka 2006 majaji walikiri kwamba mila hiyo ina ubaguzi, lakini hawakuifuta. Waliogopa kwamba wakifungua mlango huo, mila za makabila yetu zaidi ya 120 zitapita humo humo. Wakasema njia ya kubadili mila ni halmashauri za wilaya. Wajane wakakata rufani. Mwaka 2010 rufani ikatupwa kwa kasoro ya tarehe katika karatasi ya amri ya Mahakama Kuu. Kasoro hiyo hawakuifanya wao.

Wakapeleka malalamiko katika kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za wanawake. Mwaka 2015 kamati ilisema kwamba Tanzania imevunja haki zao, na kwamba walipwe fidia na sheria irekebishwe. Kamati hiyo yaweza kusema na kushauri. Haina askari wa kutimiza neno lake.

Msidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Marekani walibadili Katiba yao mwaka 1868, wakaandika kwamba hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Maneno mazuri. Lakini jimbo la Idaho liliendelea na sheria iliyosema kwamba mwanamume na mwanamke wakigombea kusimamia mirathi, nao wana haki sawa, achaguliwe mwanamume. Mama mmoja, Sally Reed, alifiwa na mwanawe. Baba wa mtoto, waliyekwisha kuachana naye, alipewa usimamizi kwa sababu ya uanaume wake. Mali yenyewe haikufika dola 1,000. Mama hakukubali, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki. Toeni hesabu: 1971 toa 1868. Jibu ni miaka 103.

Turudi Didia. Kwa habari ya ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kuimiliki au kuitumia. Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, na watatu lazima wawe wanawake. Kwa habari ya mirathi ya kimila, mjane huanzia Mahakama ya Mwanzo. Huko anaweza kuomba yeye mwenyewe kuwa msimamizi. Hapaswi kumngoja shemeji.

Na ile njia ya halmashauri waliyoitaja majaji ipo katika sheria. Halmashauri ya wilaya yaweza kupendekeza mila ibadilishwe, kisha pendekezo hupelekwa kwa Waziri, naye akilikubali hulitangaza katika Gazeti la Serikali. Diwani wa kata yenu huketi katika halmashauri hiyo. Mnaweza kumwuliza kama jambo hili limewahi kuletwa mezani.

Mwalimu wa darasa ataandika ubaoni: katiba, ibara, jinsia, mirathi, mjane, msimamizi, diwani. Kila mmoja aandike sentensi moja kwa kila neno. Wiki ijayo tutasoma jinsi ya kuandika wosia.